Ndege ya Kwanza Ichaguliwe kwa Namna Inavyoanguka

Anayetaka kununua ndege yake ya kwanza ya kuongoza kwa rimoti huwa na maswali matatu: inafanana na ndege gani ya kweli, inakwenda kasi gani, na ni shilingi ngapi. Muuzaji naye huyajibu hayohayo, kwa kuwa ndiyo yanayoweza kuchapwa juu ya boksi. Swali linalopaswa kutangulia huachwa: siku ikianguka, itaanguka vipi, na itarudi hewani baada ya muda gani? Maana itaanguka. Kujifunza kurusha ndege hizi ni pamoja na kuzibwaga chini, na anayeuacha mchezo huu mapema mara nyingi huuacha kwa sababu ndege ilisambaratika wiki ya kwanza na fedha ya kununua nyingine haikuwapo. Hoja yangu ni moja. Kwa mtu anayeanza, hasa anayeanza peke yake bila mwalimu pembeni, ndege nzuri ni ile inayompa muda wa kufikiri kabla ya kosa, na inayotengenezeka kwa haraka baada ya kosa. Sura, kasi na hata idadi ya vitu inavyoweza kufanya hewani vyote vije baadaye.

Tuanze na muda. Rubani wa ndege ya kweli huketi ndani yake, hivyo kulia kwake ni kulia kwa ndege siku zote. Anayerusha modeli amesimama chini. Ndege ikienda mbali naye, kulia ni kulia. Ikigeuka kumjia, mambo hupinduka, na akisukuma kijiti kulia ataiona inainamia kushoto kwake. Wenye uzoefu humfundisha mgeni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba analiwekea nguzo, na ni ushauri mzuri. Lakini hata ushauri mzuri huhitaji muda wa kukumbukwa. Tuseme mgeni anahitaji sekunde mbili tangu aone bawa limelala hadi kidole chake kifanye kinachotakiwa. Ndege ya kujifunzia inayokwenda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, itakuwa imesonga mita 20. Modeli ya ndege ya kivita inayokwenda kilomita 90 kwa saa itakuwa imesonga mita 50, karibu nusu ya uwanja wa mpira, na pengine pua yake tayari inatazama ardhi. Mwanafunzi ni yuleyule na kosa ni lilelile, ila mmoja amebakiwa na nafasi ya kulisahihisha. Tena nishati ya kishindo hukua kwa mraba wa kasi: ndege ya uzito uleule ikigonga chini kwa kasi mara mbili, nishati inayopaswa kumezwa na pua na mabawa ni mara nne. Ndege ya taratibu husamehe hewani, kisha husamehe tena ardhini.

Kasi ya chini kabisa ambayo ndege inaweza kuendelea kukaa hewani haiamuliwi na ukubwa wa mota. Huamuliwa zaidi na uzito unaobebwa na kila kipande cha bawa, na hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila mnunuzi akitafute kabla ya kutoa fedha: achukue uzito wa ndege ikiwa na betri yake, augawe kwa eneo la bawa. Ndege yenye desimita 33 za mraba za bawa na uzito wa kilo 1.4, vipimo vinavyokaribia vile vya Apprentice ya HobbyZone yenye mabawa ya mita 1.5, hubeba gramu 42 hivi kwa kila desimita ya mraba. Kwa hesabu ya kukadiria, bawa la kawaida lenye mzigo wa gramu 40 litaacha kubeba likishuka chini ya kilomita 28 kwa saa katika hewa ya pwani. Likibebeshwa gramu 80, mpaka huo unapanda hadi karibu 40. Chini ya mpaka, ndege hudondoka hata kama mota inanguruma. Na mpaka wenyewe hausimami mahali pamoja. Ndege ikilazwa nyuzi 60 kwenye kona huku ikitakiwa kubaki kwenye kimo kilekile, bawa hubeba mzigo mara mbili, na kasi inayohitajika huongezeka kwa asilimia 41. Ile ya 28 sasa inahitaji 40, na ile ya 40 inahitaji 56. Ndiyo maana kona ya mwisho kabla ya kutua ni hatari sana kwa mgeni: amepunguza mwendo, anaogopa ndege isishuke, anavuta kijiti, na bawa linaachia.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa tambarare za Ulaya na Marekani huwa havina sababu ya kulieleza. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Ndege inayotua vizuri Dar kwa kilomita 30 kwa saa itahitaji karibu 33 Nairobi, na zaidi kidogo Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000. Tofauti hiyo ni ndogo kwa ndege nyepesi. Kwa ndege ambayo tayari ilikuwa nzito kwa bawa lake, ni nyongeza juu ya shida. Mkazi wa nyanda za juu ana sababu kubwa kuliko mwenzake wa pwani ya kukwepa ndege nzito, na mwenye ndege yake asishangae ikimjia kwa kasi kuliko alivyoona kwenye video iliyopigwa usawa wa bahari.

Umbo la bawa nalo lina kazi: kuirudisha ndege sawa pale ambapo rubani hajui afanye nini. Mabawa ya ndege za kujifunzia huinuka kidogo kuelekea ncha, yakifanya herufi V iliyo pana sana. Bawa moja likishuka, ndege huteleza upande huo, hewa hulipiga lile bawa la chini kwa pembe kubwa kuliko lenzake, linabeba zaidi, na ndege inajinyoosha. Bawa likikaa juu ya kiwiliwili athari hiyo huongezeka. Wengi hudhani ni kwa sababu uzito unaning'inia chini yake, lakini sababu kubwa ni jinsi hewa ya pembeni inavyokizunguka kiwiliwili. Kisha kuna upana. Bawa lenye upana mmoja tangu shinani hadi nchani huanza kuachia karibu na shina, hivyo ndege huinamisha pua, huokota kasi, na huendelea na safari. Bawa lililochongoka, kama lile la P-51 Mustang, likifanywa modeli ndogo huelekea kuachia nchani, upande mmoja ukitangulia, na ndege hupinduka mgongoni kabla mgeni hajaelewa kilichotokea.

Sasa tushuke ardhini, ambako hoja yenyewe inaamuliwa. Ndege nyingi za kisasa za kuanzia zimetengenezwa kwa povu gumu liitwalo EPO, lenye unyumbufu kidogo. Chukua ndege ya namna hiyo iliyobamiza pua. Vipunje vya povu vimegandamana, ngozi imekunjamana, lakini ufito wa kaboni ndani ya bawa ni mzima. Ukimimina maji yaliyochemka juu ya pua hiyo kwa sekunde chache, vipunje hufutuka na umbo hurudi kwa kiasi kikubwa, ingawa ngozi haitakuwa laini kama mwanzo. Ikiwa imekatika vipande viwili, supa gluu ya kawaida huvishika, na jioni hiyohiyo ndege iko tayari. Povu jeupe jepesi, lile linaloizunguka runinga mpya ndani ya boksi, ni kitu kingine: supa gluu hiyohiyo hulila, na lenyewe hupasuka kwa urahisi. Ndege ya balsa, mti mwepesi ambao sehemu kubwa yake hutoka Ekuado, ni nzuri kuijenga na nzuri kuitazama. Mbavu zake zikivunjika, inakuja kazi ya kukata nyingine, kuziunganisha, kunyoosha na kuvuta upya plastiki ya kufunika. Mjenzi hodari huifurahia kazi hiyo. Anayejifunza kurusha huhesabu siku ambazo hajarusha.

Mahali mota ilipowekwa pana uzito uleule. Kampuni ya Multiplex ya Ujerumani ilipotoa EasyStar, iliweka mota nyuma ya bawa, juu ya kiwiliwili, na kuiacha ndege itue kwa tumbo. Bixler ya HobbyKing na AeroScout ya HobbyZone zinafuata wazo hilohilo la mota ya nyuma. Faida yake huonekana kwenye ajali ya kawaida kabisa ya mgeni, ile ya kuingia nyasini pua mbele. Ndege yenye mota puani huvunja propela, huweza kupinda mhimili wa mota, na wakati mwingine hung'oa kitako chake chote. Ile ya mota ya nyuma hubonyeza povu. Ina kasoro zake: ukiongeza nguvu ghafla, msukumo unaotoka juu huiinamisha pua kidogo, na ile isiyo na magurudumu lazima irushwe kwa mkono, jambo linalomtia hofu asiyezoea. Lakini uwanja wa shule wenye nyasi za kufika kifundoni, ambao ndio uwanja wengi wetu tulio nao, haufai kwa magurudumu madogo hata hivyo.

Kwa nini basi ushauri wa zamani ulikuwa tofauti? Kwa sababu ulizaliwa mahali penye mwalimu. Mapacha Walter na William Good wa Michigan walirusha modeli yao ya redio, Guff, mwaka 1937. Ilikuwa na mabawa ya mita 2.4 hivi, na leo imehifadhiwa na Smithsonian. Mchezo uliofuata ulikulia ndani ya vilabu. Marekani ilikuwa na Academy of Model Aeronautics tangu 1936, Uingereza ilikuwa na chama chake tangu 1922, na mwanafunzi alikutana na mtu mwenye rimoti ya pili iliyounganishwa na yake kwa waya. Ndege ikianza kwenda mrama, mwalimu aliachia swichi na kuichukua. Katika mazingira hayo, kuanza na ndege ya balsa yenye injini ya mafuta, kama zile za Kadet zilizotengenezwa na Sig huko Iowa, kulikuwa na mantiki kamili: ndege ilikuwa dhaifu, lakini ilikingwa na vidole vya mtu mwingine. Mtu wa Mwanza au Nakuru aliyeagiza ndege mtandaoni hana vidole hivyo. Kazi aliyoifanya mwalimu inapaswa sasa kufanywa na ndege yenyewe, kwa utaratibu wake hewani na kwa uimara wake ardhini. Teknolojia imemsaidia kwa upande mmoja, kwani rimoti za leo za gigahezi 2.4 hazigombani kama zile za zamani, ambapo watu wawili wenye masafa mamoja waliangushiana ndege. Lakini bado amesimama uwanjani peke yake.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatokana na vifaa vya kielektroniki. Ndege nyingi za sasa huuzwa zikiwa na jairo ndani, pamoja na programu inayozuia ndege isilale kupita kiasi na inayoirudisha sawa rubani akiachia vijiti. Ikiwa kompyuta inashika usawa, mtu atauliza, kwa nini nisinunue hiyo ndege ya kivita niipendayo na kuiachia jairo kazi? Nakubali kwamba kifaa hiki kimeokoa ndege nyingi, na kati ya ndege mbili zinazolingana ningechukua iliyo nacho. Ila tuangalie kile jairo inachokifanya. Inajua kama mabawa yako sawa. Kwa kawaida haijui ndege iko wapi, haijui kwamba upepo unaisukuma kuelekea kwenye miti, wala haijui kwamba wewe umechanganyikiwa kwa sababu inakujia. Zaidi ya hapo, haibadilishi uzito unaobebwa na bawa. Ndege ya gramu 80 kwa desimita ya mraba itabaki kuwa ya gramu 80, itatua kwa kasi ileile, na itagonga kwa nishati ileile. Jairo hupunguza idadi ya makosa. Haipunguzi gharama ya kosa litakalopenya. Dawa halisi ya kuchanganyikiwa ni mazoezi, na mazoezi ya bei nafuu yako kwenye programu za kuigiza urukaji, iwe RealFlight ya kulipia au PicaSim ya bure. Humo mtu anaweza kuiangusha ndege mara arobaini kwa jioni moja na asidaiwe chochote.

Wengine hupinga kwa upande wa chaneli, yaani idadi ya vitu ambavyo rimoti inaviongoza. Wanasema ndege ya chaneli tatu, inayogeuka kwa usukani wa mkia tu, humjengea mwanafunzi mazoea mabaya, kwa kuwa ndege kubwa hugeuzwa kwa eleroni, vile vipande vinavyosogea nyuma ya mabawa. Hofu hii ina msingi, lakini ina tiba rahisi. Usukani wa mkia wa ndege ya chaneli tatu huunganishwa na kijiti cha kulia, kile ambacho kwa mpangilio uliozoeleka zaidi huongoza eleroni. Kidole kinajifunza mahali pake tangu siku ya kwanza, na siku ya kupanda ngazi hakihami. Ndege ya chaneli nne yenye bawa la juu nayo si kosa. Anayeitaka aichukue, mradi ile hesabu ya uzito na bawa imetimia.

Upepo unahitaji jibu refu kidogo, kwa sababu hapa wanaopinga wana ukweli wao. Ndege nyepesi hutupwatupwa. Kwenye pwani yetu, kusi inapovuma sana katikati ya mwaka, ndege ambayo mpaka wake ni kilomita 28 kwa saa inaweza kuukabili upepo wa 25 na ikaonekana imesimama hewani, kisha ikigeuka ikapeperushwa zaidi ya 50. Je, mkazi wa Tanga au Mombasa asinunue ndege nzito zaidi inayopasua upepo? Ndege nzito huumudu upepo mikononi mwa anayejua kuituliza; mikononi mwa mgeni inaongeza kasi na kishindo pasipo kuongeza ustadi. Kitu cha kubadilisha ni saa. Asubuhi na mapema, kabla jua halijaichemsha nchi kavu, mara nyingi hewa hutulia, na saa moja ya utulivu inatosha betri tatu. Hata hivyo pingamizi hili linanilazimu kuweka mpaka wa chini pia. Zile ndege ndogo kabisa za chini ya gramu 200 huanguka bila kuumia kwa kuwa hazina uzito, na ndani ya ukumbi ni raha tupu. Nje hupeperushwa na upepo wa kawaida, na jicho huzipoteza zikifika mbali kidogo. Asiyeiona ndege yake imelala upande gani hawezi kuiongoza. Kwa hiyo mabawa kati ya mita 1.1 na 1.5, na uzito kati ya gramu 700 na kilo 1.4, ndivyo vipimo ninavyoviona salama.

Wapo pia wanaosema kwamba mtu hudumu na anachokipenda, na kwamba modeli ya ndege ya kivita kama Spitfire itamfanya arudi uwanjani kuliko ndege ya povu yenye sura ya kawaida. Naelewa mvuto huo. Ila Spitfire iliyovunjika haimrudishi mtu uwanjani, na ile ndege ya sura ya kawaida ndiyo njia ya kuifikia.

Kwa wasomaji wa huku kwetu, suala la vipuri linaipa hoja hii uzito zaidi kuliko lingekuwa nao Ohio au Leicester. Bawa jipya likiagizwa nje huja baada ya wiki na hukutana na forodha. Betri ni tatizo zaidi: tangu Aprili 2016 betri za litiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo ndani ya ndege za abiria, hivyo wauzaji wengi hawazitumi kabisa. Nunua ndege inayotumia betri ya aina inayopatikana mjini kwako, na ile ya seli tatu, volti 11.1, yenye mAh 2200 ndiyo iliyoenea zaidi kwa ndege za ukubwa huu. Hakikisha plagi yake inalingana na ya ndege, iweke kwenye volti 3.8 kwa seli ikiwa haitatumika kwa siku kadhaa, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Anayebanwa na fedha anaweza kujikatia ndege kwa mbao za povu zinazouzwa na watengeneza mabango, kwa ramani za bure kama zile za Flite Test. Bawa likivunjika, anakata jingine usiku huohuo. Na kabla ya yote aulize mamlaka. Kenya ina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani za mwaka 2020, Tanzania ina mamlaka yake ya usafiri wa anga, TCAA, na anayerusha Marekani atalazimika kusajili ndege yoyote inayozidi gramu 250.

Hukumu yangu ni hii. Aliye karibu na klabu yenye mwalimu na njia ya kurukia anunue ndege ya mabawa ya mita 1.5, bawa juu, mota puani, yenye magurudumu na jairo. Mwalimu ataifidia kwa pale ilipo dhaifu. Aliye peke yake, na wengi wetu tuko hivyo, achukue ndege ya EPO yenye mota nyuma ya bawa, yenye mzigo usiozidi gramu 45 kwa desimita ya mraba, na fedha itakayobaki ainunulie betri ya pili, propela mbili na chupa ya gundi. Kabla ya kuirusha aiweke juu ya vidole viwili, pale kitabu kilipoonyesha kitovu cha uzito, kwa kawaida karibu theluthi ya kwanza ya upana wa bawa. Mkia ukishuka, asiirushe mpaka asogeze betri mbele.